Kofre ya umeme: alama, mlango na ufunguo



Jambo la juma hili limetoka shuleni kwetu. Wakati wa mapumziko tulimkuta mtoto wa darasa la pili ameingiza kalamu yake ndani ya kofre ya umeme. Mlango ulikuwa umevunjika tangu siku nyingi, na sisi wakubwa tulikuwa tunaupita kila asubuhi. Saa ile umeme ulikuwa umekatika. Ndiyo maana mtoto yuko hai.

Siku hizi umeme umefika kwenye parsele nyingi za Goma. Kuna wa SNEL, kuna wa Virunga Energies unaotoka Matebe kule Rutshuru, kuna wa jua wa Nuru. Vikundi vyetu vinanunua frigo na mashine za kushona na za kusaga. Lakini nyumba zetu nyingi ni za mbao, na moto ukianzia kwenye kofre hausubiri mtu. Basi kikundi kinapoagiza kofre, tusimwachie fundi kila kitu. Tuandike kwenye devi mambo manne.

Kwanza, alama. Dijonkta ya nyumbani iwe na jina la mtengenezaji, ampere zake, na namba ya kanuni ya kimataifa, IEC 60898. Kofre iliyokwisha kuunganishwa ina kanuni yake, IEC 61439. Alama ya CE peke yake isitutulize, kwa sababu mtengenezaji anaiweka mwenyewe. Alama ya NF inatolewa baada ya watu wa nje kupima. Tuombe cheti, na faktire iandikwe marke na modeli.

Pili, dijonkta diferansieli ya miliampere 30. Hiyo inakata umeme unapoanza kupita ndani ya mwili wa mtu. Hapa kwetu chini ni mawe ya volkeno, na kupata waya mzuri wa ardhi ni kazi ngumu. Kwa hiyo tunaihitaji zaidi. Mara moja kwa mwezi, umeme ukiwapo, tubonyeze kitufe chake chenye herufi T. Isipokata, aitwe fundi.

Tatu, mlango. Kwenye kofre kuna herufi IP na namba mbili. Namba ya kwanza ikiwa 2, kidole cha mtu hakiingii. Lakini ncha ya kalamu inaingia! Ikiwa 4, hata waya mwembamba wa milimita moja hauingii. Penye watoto tuombe 4.

Nne, kufuli. Mtoto asiweze kufungua, lakini mkubwa aweze kukata umeme mara moja. Tumeona kofre iliyofungwa vizuri sana, na ufunguo uko nyumbani kwa mama prezida, ng'ambo ya mji. Hiyo nayo ni hatari. Tuombe mkono wa kukatia umeme wote uwe nje ya mlango, juu, mahali mtoto hafiki. Kama haupo, ufunguo ukae karibu, na watu wazima watatu wajue ulipo.

Tena, fundi akiwa kazini, akate umeme, afunge dijonkta kwa kufuli yake mwenyewe na ufunguo ukae mfukoni mwake. Umeme wa Goma unarudi bila kubisha hodi, na jirani asiyejua anaweza kuinua dijonkta akifikiri anasaidia.

Shuleni kwetu mlango mpya umewekwa. Ufunguo mmoja uko kwa mlinzi, wa pili kwa mwalimu wa zamu. Gharama yake haikuwa kubwa. Tulichokosa siku zote ni kuangalia tu.

Juma hili, kila mama asimame mbele ya kofre ya parsele yake, ajiulize: mlango unafunga? Ufunguo uko kwa nani? Mkutano ujao tuletee jibu.

Tubaki salama.