Baiskeli Yangu na Uzuri wa Mkakasi

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo muhula huu limewagawa watu wa bweni letu makundi mawili. Kila jioni, baada ya chakula, wapanda baiskeli hukusanyika chini ya mwembe ulio karibu na banda la baiskeli, na hapo mabishano huanza. Kundi la kwanza husema kwamba baiskeli ni ile yenye gea nyingi na matairi manene. Nyingine zote ni mikokoteni. Kundi la pili husema la, baiskeli ni ile nyeusi ya wazee wetu, mradi ipambwe hata bibi arusi aione wivu. Nimewasikiliza sana, na leo nasema kwamba makundi yote mawili yameanza kuezeka kabla ya kusimamisha nguzo.

Maoni yangu ni haya: baiskeli ichaguliwe kwa mwili wa mpandaji, kwa njia aipitayo na kwa mzigo auchukuao, breki zake ziwe nzima, na mapambo yaje mwisho.

Msidhani kwamba nadharau mapambo. Sisi tukaao karibu na mpaka wa Busia twajua habari za baiskeli kuliko wengi. Katika miaka ya 1960 vijana walianza kupakia abiria juu ya keria kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na kile cha Kenya, wakiita "boda, boda", na jina hilo likaenea Afrika Mashariki, hata leo pikipiki zimelirithi. Mtu wa kazi ile hakuiacha baiskeli yake kama ilivyotoka dukani. Aliweka mto laini juu ya keria, akaitengeneza kwa namna ya kumfaa abiria. Mto ule ulikuwa pambo, tena ulikuwa na kazi yake. Pambo la namna hiyo nalisifu.

Ninalolikataa ni pambo liletalo hasara, nami nalikataa kwa sababu nimekwisha kulifanya mwenyewe.

Babu yangu aliniachia baiskeli yake nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, iliyokuwa na breki za fimbo za chuma, madigadi mawili na kifuniko cha mnyororo. Nilikuwa nimeona picha za mashindano ya Ulaya, na moyo wangu ukapenda baiskeli iliyo nyepesi na tupu. Basi nikang'oa kifuniko cha mnyororo, nikang'oa madigadi, na mwisho nikang'oa breki ya mbele, kwa kuwa fimbo zake ziliharibu sura ya usukani. Fedha nilizokuwa nazo, ambazo zingetosha raba mpya za breki ya nyuma, nikanunulia vishada vyekundu vya kuning'iniza mikononi. Watoto wa kijiji walinikimbilia kwa shangwe. Wazee walinyamaza.

Siku moja ya masika nilimpakia mdogo wangu kumrudisha nyumbani kutoka shuleni. Tulipofika kwenye mteremko uendao mtoni, nikabana breki. Sasa sikilizeni, maana jambo hili fundi alinieleza baadaye, nami nilipaswa kulijua kabla. Rimu ya chuma ikilowa, raba huteleza juu yake, na baiskeli huhitaji nafasi ndefu zaidi ili isimame. Tena, mtu abanapo breki uzito huegemea mbele. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma. Mimi niliyeitupa iliyo na nguvu nilibaki na iliyo dhaifu, nayo raba zake zimekwisha. Tuliteremka kama jiwe. Mimi nilichubuka magoti tu. Mdogo wangu alivunjika mkono wa kulia, akakaa na plasta wiki sita, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa mbele yake. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, kila usiku, katika taa. Mimi nilikaa karibu naye nikimnolea penseli, wala hakuna aliyenikaripia. Afadhali wangenikaripia.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Naliijua methali hiyo tangu utoto, lakini sikujua kwamba nilikuwa nimeipanda.

Sasa niseme habari za kuchagua. Kwanza, kimo. Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama upande, kiti kimekaa sawa. Ukilazimika kunyosha vidole ili uifikie, shusha kiti. Na kama hakishuki tena, fremu hiyo si yako, hata ukipewa bure. Wengi wetu hupanda baiskeli za baba zetu, na maumivu ya magoti hatujui yatokako.

Pili, hesabu meno. Baiskeli yangu ina meno 44 mbele na ilikuwa na 18 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli huenda kama mita 5 na nusu. Hiyo ni nzuri kwenye tambarare, lakini kwenye mlima wenye gunia la mahindi ni adhabu. Fundi aliniwekea gea ya nyuma ya meno 22, na sasa kila mzunguko hunipeleka kama mita 4 na nusu. Naenda polepole kidogo, lakini nafika juu nimekaa, sisukumi. Hayo ndiyo mageuzi yaliyonifaa kuliko yote, wala hakuna ayaonaye kwa macho.

Tatu, gea nyingi. Wenzangu wa kundi la kwanza wana haki kwamba humsaidia mtu milimani. Lakini nawauliza: kile chombo kihamishacho mnyororo kikipinda, ni nani kijijini kwenu atakayekinyosha, na kipuri kitatoka wapi? Baiskeli nyeusi hutengenezwa na kila fundi aliye chini ya kila mti. Mwenye fundi na vipuri karibu, anunue gea nyingi kwa amani. Asiye navyo asinunue sifa ya mwezi mmoja.

Najua nitajibiwa kwamba kijana asiyependa kupendeza ni mzee kabla ya wakati wake. Ni kweli, nami mwenyewe napenda. Baiskeli ya babu leo ina madigadi yaliyopakwa rangi ya kijani, kengele inayosikika ng'ambo ya mto, na vioo vyekundu vya nyuma vinavyong'aa vikimulikwa na taa za gari. Fimbo za breki ya mbele zimerudi mahali pake, nami nazisugua mpaka zinametameta. Kumbe hazikuwa mbaya hata kidogo.

Basi natoa shauri. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mtu kutoka na baiskeli langoni, kiranja aijaribu breki ya mbele na ya nyuma. Isiyosimama, isitoke. Nanyi wanafunzi wa zamani, mnaotuuliza kila mwaka shule inahitaji kikombe gani cha mashindano, tafadhali mtuletee sanduku la spana, pampu moja nzuri na raba za breki. Vikombe tunavyo, vimejaa vumbi kabatini.

Mdogo wangu alifaulu mtihani ule, na mwaka huu yuko kidato cha kwanza katika shule hii hii. Huniazima baiskeli siku za Jumapili. Hanisalimu kwanza, hubana breki zote mbili, husukuma baiskeli mbele kuona kama magurudumu yamekamatwa, ndipo husema, "Kaka, habari za asubuhi."

Mimi wenu,
Mpanda Baiskeli, Kidato cha 4