Insha ya Utafiti Si Shairi la Sifa

Ndugu malenga na wapenzi wa lugha, nina neno juu ya insha za utafiti wanazoandika vijana wetu wa sekondari kuhusu ushairi wa Kiswahili.

Aghalabu mwanafunzi huchagua mada pana kama bahari: "Mchango wa Shaaban Robert katika fasihi", au "Umuhimu wa ushairi katika jamii". Kurasa hujaa sifa. Mshairi alikuwa bingwa, lugha yake tamu, mafunzo yake mengi. Hamna uongo humo, wala hamna utafiti. Kijana huyo Kiswahili anakijua. Asichofundishwa ni kuuliza swali ambalo jibu lake laweza kuwa "hapana". Nani atajibu hapana akiulizwa kama ushairi una umuhimu? Basi hapo hakuna la kutafiti.

Tuchukue mfano kutoka katika mgogoro tunaoujua sote. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani ya mashairi huru, na ubishi ukapamba moto: je, utungo usio na vina na mizani ni shairi? Mwanafunzi akiupewa mgogoro huu wote, ataandika kwamba kila upande una hoja zake, kisha atafunga daftari. Mtaka yote hukosa yote.

Sasa mpunguzie. Mpe diwani moja ya kimapokeo, achague mashairi kumi, na aulize: je, mtunzi huyu hutumia inkisari zaidi kwa ajili ya kutimiza mizani, au kwa ajili ya kupata kina? Hilo ni swali dogo, lakini lina meno. Atasoma kila mshororo wenye mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Ataorodhesha kila neno lililofupishwa, kama "meona" badala ya "nimeona", na kuandika limekaa wapi na linafanya kazi gani. Itambidi ajue kwamba m ya "mtu" ni mizani kamili, ilhali m ya "mwana" haihesabiwi peke yake. Mwishoni atakuwa na jambo lake mwenyewe la kusema, na ushahidi wa kulitetea mbele ya yeyote, hata mbele yetu sisi.

Wapo watakaosema kuwa kuhesabu kunaua ushairi. Sikubaliani nao. Malenga mwenyewe huhesabu anapotunga. Kwa nini iwe haramu kwa msomaji? Hata hivyo, hesabu haitoshi. Insha iliyo imara hurudi kwenye maana: neno lilipofupishwa, ubeti ulipata nini na ulipoteza nini? Na pakitokea beti zinazopingana na dai la mwandishi, azitaje waziwazi. Akizificha, ameondoka katika utafiti na kuingia katika uwakili.

Kuhusu kutaja vyanzo, tumewafanya vijana waamini kuwa ni adabu ya kumridhisha mtahini. Ni zaidi ya hapo. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga wa karne ya 19, zilikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah pamoja na mmisionari W. E. Taylor, kisha William Hichens akazichapisha Johannesburg mwaka 1940. Zilitoka vinywani na katika hati za Kiarabu hadi herufi za Kilatini. Mwanafunzi akikuta mshororo wenye mizani 15, asikimbilie kumlaumu Muyaka. Huenda kosa ni la mnakili au la mchapaji. Ndiyo maana sharti aseme ametumia chapa ipi na ukurasa upi, ili mwingine aende akahesabu upya. Anayenakili uchambuzi wa mwongozo au wa intaneti bila kuutaja humfungia msomaji njia hiyo, tena hujifungia yeye mwenyewe, kwa kuwa hajui kama alichonakili ni kweli.

Hitimisho nalo lisiwe mawaidha. Lijibu swali lililoulizwa mwanzoni, basi. Na kama jibu ni "hapana", liandikwe hivyo bila woga.

Haya hayahitaji maktaba kubwa. Diwani moja, daftari na subira vinatosha. Nasi washairi tuna sehemu yetu. Akija kijana kutwambia kwamba amehesabu beti zetu akakuta mizani zimepelea, tusimfukuze kwa kejeli. Tumwombe atuonyeshe mshororo, tuhesabu pamoja naye. Huenda yeye ndiye atakayekuja kuhariri diwani zetu tutakapokuwa hatupo.