Mazoezi Yasiishie Kwenye Fungate



Mimi ni fundi cherehani, nina kiduka changu Chiungutwa, wilayani Masasi. Nashona magauni ya harusi, mabaibui, madera na sare za ndugu. Bi harusi nampima si chini ya mara mbili: siku anayoleta kitambaa na siku ya kuja kujaribisha. Kwa miaka niliyofanya kazi hii naliona jambo moja likijirudia, na leo nataka tuliseme.

Bi harusi anakuja miezi mitatu kabla ya siku yake. Nikimaliza kumpima ananiambia, "Dada, kiunoni punguza inchi tatu, siku hiyo nitakuwa nimeshapungua." Akitoka hapo anaanza kwa kishindo. Alfajiri anakimbia, jioni anaruka kamba mara mia tano, usiku hali, na asubuhi anakunywa chai ya kukata tumbo aliyouziwa na mtu asiyemjua. Wiki ya pili magoti yanauma. Wiki ya tatu ameacha. Na yule anayevumilia mpaka mwisho, gauni linamkaa, tunampigia vigelegele, kisha fungate likiisha na mazoezi nayo yanaisha. Baada ya miezi sita ananiletea nguo zile zile nimfungulie mishono.

Mimi hapo napata kazi, alhamdulillah. Lakini sifurahi, kwa sababu wengine wanarudi wakiwa na presha, wengine wanahema kwa kupanda ngazi mbili tu za kibaraza changu, nao hawajafika miaka thelathini na mitano.

Maoni yangu ni haya: wengi wetu hatuachi mazoezi kwa uvivu. Tunayaacha kwa sababu tulichagua mazoezi ya mtu mwingine, na tuliyachagua kwa ajili ya siku moja.

Siku moja haitoshi

Zanzibar kila tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi kitaifa, vikundi vinatoka kwa wingi na inapendeza kuona. Bara nako, mwishoni mwa 2016, Mama Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku yake. Ni mambo mazuri, yanatukumbusha. Lakini mwili haukumbuki kwamba Januari ulitembea kilomita tano. Mwili unajua wiki hii umefanya nini.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, yale ya kukutoa jasho kidogo huku bado unaweza kuongea. Na siku mbili au zaidi ufanye ya kutia nguvu misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Na kuna habari njema kwa mwenye mtoto mgongoni: zamani ilisemwa lazima ziwe angalau dakika kumi mfululizo ndipo zihesabiwe, mwongozo huo mpya ukaliondoa sharti hilo. Dakika tano hapa, nane pale, zote zinahesabiwa.

"Sisi wa shamba hatuhitaji"

Hili nalisikia sana kwetu. Mama aliyelima tangu asubuhi, akachota maji na kutwanga, umwambie habari ya mazoezi? Kwake yeye, naam, nakubali, siku ile ameshayafanya. Lakini tuseme kweli, ni wangapi kati yetu bado tuko hivyo mwaka mzima? Msimu wa korosho unapofika Oktoba tunainama kuokota kutwa nzima mpaka kiuno kinakataa. Msimu ukiisha tunakaa. Anayebangua anakaa. Mwenye duka anakaa. Mimi kwenye cherehani nakaa nimepinda mgongo tangu asubuhi mpaka Alasiri. Sokoni tunakwenda kwa bodaboda. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta zaidi ya robo ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49, yaani asilimia 28, wana uzito uliozidi au unene. Hao si watu wa mjini peke yao.

Wengine husema sala tano zinatosha kuwa mazoezi. Dada zangu, sala ni ibada. Tunasimama mbele ya Mola wetu, hatusimami kunyoosha viungo. Ni kweli kuinama na kusujudu kunasaidia maungo, lakini rakaa kumi na saba za faradhi hazimtoi mtu jasho. Kila kitu tukiweke mahali pake. Na atakayetunza magoti yake leo atasujudu bila kiti akifika miaka sabini, inshaallah.

Jipime kwanza

Hakuna fundi anayekata kitambaa chako kwa kipimo cha shoga yako. Basi na mazoezi usiyachukue kwa shoga yako, wala kwa dada wa kwenye simu anayeruka juu ya godoro la mazoezi huko Ulaya. Jiulize mambo matatu.

La kwanza, mwili wangu unaweza nini leo? Mwenye uzito mkubwa au magoti mabovu asianze kwa kukimbia na kuruka kamba. Aanze kwa kutembea kwa haraka, mikono ikirushwa. Mwenye presha, sukari, au aliyejifungua karibuni aulize kwanza kwa nesi au daktari. Na ujue kabisa: kulala chali na kuinuka mara mia hakuondoi mafuta ya tumbo peke yake, na mkanda wa kubana tumbo hauyeyushi kitu. Unabana tu, ukiuvua yako pale pale.

La pili, nina mahali gani? Mwenye ua amejaliwa. Wanawake watatu wa nyumba moja wakifunga mlango wa ua wanaweza kucheza rede kama tulivyocheza utotoni, wakamaliza nusu saa wakiwa hoi kwa jasho na kicheko. Sisi huku Umakondeni tuna sindimba, na asiyejua kazi ya kiuno ile aijaribu dakika kumi tu, kwa wanawake wenyewe kwa wenyewe. Nyinyi wa visiwani mna ngoma zenu za ndani. Haya ni mazoezi, hayana ada, na hayakutoi kwenye staha yako.

La tatu, je, nitaweza kuyafanya wiki mbaya? Hili ndilo kubwa. Usipime kwa wiki ambayo una nguvu na nyumba imetulia. Pima kwa wiki ya korosho, wiki ya msiba, wiki mtoto anaumwa. Kinachowezekana wiki hiyo ndicho chako. Ukipata zaidi ni nyongeza.

Staha si kizuizi

Kuna wanaodhani mwanamke wa Kiislamu na mazoezi havipatani. Waambieni wamsome Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Imepokewa kwamba alishindana mbio na Mtume, rehma na amani zimshukie, akamshinda. Siku nyingine, baada ya mwili wake kuongezeka, wakashindana tena, Mtume akashinda na kumtania kwamba hii ni kwa ile. Mimi hadithi hii inanifurahisha kwa sababu mbili. Mume na mke walicheza pamoja. Na mwili wa mke ulibadilika, wala hakusimangwa.

Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi marefu yanayofunika mwili. Bahari iko mlangoni na wengi wao hawakuwa wakijua kuogelea. Vazi lilipopatikana, wakaingia majini.

Kwa hiyo niseme kama fundi. Baibui la hariri bandia si nguo ya kutembelea kwa kasi, linashika joto na litakuchosha kabla miguu haijachoka. Mwambie fundi wako akushonee gauni la pamba au jezi nyepesi, pana, liishie katikati ya muundi, na chini suruali ya bwanga yenye lastiki. Mpasuo mfupi pembeni utakupa hatua. Ushungi uwe wa kuvaa kwa kupitisha kichwani, usio na pini. Sidiria iwe ya kushika vizuri. Raba iwe saizi yako, usiazime. Ukiwa na nguo yake maalumu, udhuru mmoja umeshaondoka.

Kudumu

Tunafundishwa kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Wataalamu nao wamefika karibu na hapo hapo. Chuo Kikuu cha London, UCL, watafiti waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya, na matokeo yakachapishwa mara ya kwanza 2009. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuwa la kawaida. Wengine siku 18 tu, wengine ilikadiriwa siku 254. Na aliyekosa siku moja hakuharibikiwa.

Sasa tazama, bi harusi. Miezi yako mitatu ni siku tisini. Hazitoshi kuubadilisha mwili wote, na mwenye kukuahidi hivyo anataka pesa yako. Lakini kwa wengi zinatosha kujenga zoea utakaloingia nalo kwenye ndoa, ukabeba nalo mimba. Mwongozo ule wa 2020 unasema mjamzito asiye na tatizo naye afanye mazoezi ya kiasi, na kwamba yanapunguza hatari ya kisukari cha mimba na kifafa cha mimba. Hiyo si bora kuliko inchi tatu?

Njia ninayoiona inafaa ni kuyafunga mazoezi kwenye jambo ambalo tayari huliachi. Sisi tuna sala tano. Sema, "Nikimaliza Alfajiri na nyiradi zangu, natembea," au, "Nikisali Alasiri nafunga duka robo saa, nanyoosha mgongo na kuchuchumaa mara ishirini." Huhitaji saa ya kukuamsha, adhana inatosha. Ramadhani usiache, punguza tu: tembea kidogo kabla ya futari au baada ya tarawehe. Ukijifungua, kaa arobaini yako kwa raha, ukiruhusiwa rudi taratibu. Na ukikosa leo, kesho fanya ya kesho. Usijiadhibu kwa kufanya mara mbili.

Jambo la mwisho ni kwa masomo na makungwi wetu. Mnamfundisha mwali kupika, kujipamba, kumstahi mume na kumtunza. Mmwambie pia kwamba mwili wake ni amana, na umtumikie zaidi ya siku ya singo na hina. Mmpe nusu saa yake ya kila siku kama mnavyompa udi na liwa. Na kina mama wakwe, mkimwona mke wa mtoto wenu anatoka kutembea jioni, mshikieni mtoto. Msimuulize anakwenda kumwonyesha nani.

Nami kwenye kiduka changu nimeweka utaratibu. Bi harusi akisema nikate kwa inchi atakazopungua, nakata kwa mwili alionao leo na kumwachia mshono mpana ndani. Akipungua tutaingiza, akiongezeka tutafungua. Gauni ni la siku moja. Mwili ataishi nao, Allah akipenda, miaka mingi.