Kwa nini tunamlaumu aliyezama?

Chombo kikipata ajali, maiti hawajazikwa, maneno yameshaanza: "Walikiona kimejaa, mbona walipanda?" Wengine huvuka mpaka, wakasema ni adhabu. Yalisemwa hayo pia kwa MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, Mfunguo Mosi, ikitoka Unguja kuja Wete. Meli ya abiria wasiofika 700 ilipakia zaidi ya 2,000.

Mwanasaikolojia Melvin Lerner aliuchunguza ugonjwa huu nchini Marekani miaka ya 1960. Watazamaji walioneshwa mwanamke akipigwa mishtuko ya umeme (yalikuwa maigizo, wao hawakujua). Walioshindwa kumwokoa waliishia kumdharau. Moyo unaogopa kukubali kuwa msiba unaweza kumfika yeyote, basi humtafutia kosa aliyefikwa, ili sisi tulale usingizi.

Waislamu tulishaonywa kabla ya wanasaikolojia. Katika Suratu Aal Imran, aya ya 168, Allah (S.W.) anawakemea waliokaa majumbani siku ya Uhud, kisha wakadai kuwa ndugu zao wangewatii wasingeuawa. Na Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Vipi basi tumwite mwenye adhabu?

Wala kuamini kadari si kufumba macho. Mafakihi wamemjadili nahodha anayezidisha mzigo katika milango ya dhamana na diya; suali lao ni nani alipe, si kwa nini maiti alipanda. Sisi tumeligeuza. Aliyeuza tiketi kupita kiasi na aliyeruhusu chombo king'oe nanga hupumua, maana midomo yetu imo kwa marehemu.

Tena, kupanda si hiari. Fundo haina daraja la kwendea Wete. Mgonjwa, mjamzito na mwenye maiti wa kuzika ng'ambo, wote hupanda kilichopo pwani, kijae kisijae.

Baada ya Spice Islander, orodha ya abiria haikutosha. Hesabu ya tume ya serikali, maiti 203 na watu 1,370 wasioonekana, ilitegemea sana familia zilizojitokeza kusema: wetu alikuwemo. Mjane anayesimangwa kila siku kuwa mumewe alijitakia, akiitwa tena kutoa ushahidi, ataona bora abaki ndani.