Wana-Mkiwa, Tupange Kabla ya Alama ya X

Ndugu zangu wa Mkiwa, Mungu ametuweka njia panda. Barabara kuu ya Dodoma–Singida inapita mlangoni petu, na hapahapa inachepuka ile ya kwenda Itigi, Rungwa, Makongolosi, Chunya hadi Mbeya. Mradi wa lami wa Mkiwa–Itigi–Noranga una urefu wa kilomita 56.9. Tuutazame kwa furaha, lakini pia tujiandae.

Panapolala malori, huzuka gereji, mafundi wa kuchomelea, mama lishe, gesti na baa. Mkulima wa alizeti naye anahitaji mashine ya kukamua mafuta iliyo karibu. Hizi ni riziki za watu, na wito huu haumfukuzi yeyote. Ila mashine ikifungwa ukutani mwa chumba anacholala mtoto, mafuta machafu yakimwagwa karibu na kisima, au baa ikipiga muziki mpaka alfajiri, majirani ndio wanaoumia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Haki hiyo ni ya Mkiwa pia.

Tukumbuke yaliyotokea mwaka 2017 kandokando ya barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, kuanzia Kimara hadi Kiluvya. Mamia ya nyumba ziliwekewa alama ya X, kisha zikabomolewa, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, zikiwemo za watu walioishi hapo miaka mingi. Kwa sheria iliyopo, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Anayekuuzia kiwanja ndani ya mita hizo anakuuzia machozi.

Kinga tunayo mikononi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, wananchi wakishashirikishwa mkutanoni na halmashauri ya wilaya ikaridhia. Tunaweza kutenga eneo la gereji na mashine, eneo la biashara za usiku na eneo la makazi, kisha tukaandika saa za kelele na mahali pa kumwaga taka. Mtendaji hawezi kusimamia katazo ambalo sisi wenyewe hatujaliandika.

Kwa hiyo nawaomba. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, tuhudhurie wake kwa waume, vijana kwa wazee, na ajenda hii tuiweke mezani. Kabla hujachimba msingi, nenda ofisi ya kijiji, uliza, na upimiwe. Mwenye biashara, mtembelee jirani yako umsikilize kabla hajakushtaki. Nanyi viongozi wetu, simamieni sheria kwa wote sawasawa: mwenye kibanda cha mabati na mwenye jengo la ghorofa wapewe onyo lileile, kwa maandishi, na muda wa kutosha. Anayetakiwa kuhama aonyeshwe kwanza pa kwenda.

Ardhi bado tunayo, na majirani bado tunasalimiana. Tukae tupange sasa, mambo yakingali mepesi. Karibuni mkutanoni.