Mcheza kwao mbona hatunzwi?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo imekuwa ikinirudia akilini tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa katika bara letu la Afrika. Siku ya pili ya mashindano hayo, msichana wa Wales aitwaye Zoe Bäckstedt alitwaa ubingwa wa mbio za kushindana na saa kwa wanawake walio chini ya umri wa miaka 23. Zilikuwa zimesalia siku mbili tu atimize miaka 21.

Huenda msomaji akauliza: Wales na Mashimoni, wapi na wapi? Naomba subira yake kidogo.

Msichana huyo hakuanzia Kigali. Katika mwaka 2022 pekee alitwaa mataji manne ya dunia ya vijana: moja katika mbio za matopeni, ambamo mshindani hulazimika pengine kushuka na kuibeba baiskeli begani, moja katika uwanja wa ndani, na mawili barabarani. Baba yake, Magnus Bäckstedt wa Sweden, alishinda mbio za Paris-Roubaix mwaka 2004, na mama yake, Megan Hughes, alikuwa bingwa wa barabarani wa Uingereza mwaka 1998. Atasema mtu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni kweli, lakini damu peke yake haimfikishi mtu kwenye mataji. Wales, nchi ya watu wapatao milioni 3, ina uwanja wa ndani wa baiskeli mjini Newport, ina vilabu vya watoto, na ina ratiba ya mashindano inayojulikana mapema. Hiyo ndiyo ngazi. Mtoto mwenye kipawa hukuta kipago cha kwanza kimekwisha kupigiliwa misumari.

Sasa turudi nyumbani. Asubuhi yoyote ile, katika vichochoro vya Mashimoni, Kibera, na katika barabara za Kawangware, utawaona vijana wakiendesha Black Mamba zilizosheheni mikate, maziwa au mitungi ya maji, wakipenya baina ya matatu na mikokoteni kwa ustadi wa kutisha. Miguu ipo, mapafu yapo, ujasiri upo. Kisichokuwapo ni kipago cha kwanza.

Tena si kwamba hatuna mfano wa karibu. Ukiondoka Kawangware kwa baiskeli kuelekea Kikuyu, katika muda usiofika saa moja utakuwa Mai-a-Ihii, kwa David Kinjah, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa na mwanzilishi wa kikundi cha Safari Simbaz. Katika nyumba yake ya mabati, Kinjah amewafundisha vijana wengi kuendesha baiskeli, kuzifungua na kuzifunga, na kuishi kwa nidhamu. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, ambaye alijifunza kwake baiskeli za milimani katika njia za vumbi kabla ya kwenda kusoma Afrika Kusini.

Froome aliivaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006. Mwaka uo huo, ili ashiriki mashindano ya dunia ya vijana mjini Salzburg, ilimbidi ajisajili mwenyewe kwa kutumia anwani ya barua-pepe ya chama cha mchezo huo, akijifanya afisa wake, kama alivyokuja kusimulia mwenyewe. Wengi hucheka wakisikia kisa hicho. Mimi sicheki. Kijana anapolazimika kuwa mshindani na katibu wa chama kwa wakati mmoja, ni dhahiri kwamba ngazi haipo. Mwaka 2008 alihamia leseni ya Uingereza, na jezi alizoshinda katika Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017 zikahesabiwa huko.

Wapo waliomwita msaliti. Lawama hiyo haina uzito. Swali zito zaidi linawahusu wenzake waliofundishwa katika ua ule ule, na mwalimu yule yule. Wao hawakuwa na pasipoti ya pili, wala mzazi wa kuwalipia shule ya ng'ambo. Je, wao walihamia wapi?

Suleiman Kangangi alibaki na bendera yetu. Akiwa na timu ya Bike Aid ya Ujerumani alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017. Baadaye akageukia mbio za changarawe na kuiongoza Team Amani, akitafuta kuwafungulia njia vijana wa Afrika Mashariki waliokuwa nyuma yake. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mbio huko Vermont, Marekani, akafariki akiwa na umri wa miaka 33. Kwa siku chache taifa lilimlilia, kisha likanyamaza.

Najua kuna watakaosema kwamba baiskeli ya mashindano ni anasa, na kwamba Mashimoni yahitaji maji na vyoo kwanza. Mahitaji hayo hayana mjadala. Lakini hoja hiyo hatuitumii dhidi ya wanariadha wa mbio za miguu. Mkimbiaji wetu chipukizi ana mashindano ya shule, ana kambi za mazoezi, na akifanya vyema ana matumaini ya kuajiriwa katika jeshi, polisi au magereza, alipwe mshahara huku akikimbia. Ngazi hiyo ilijengwa na watu. Haikuota yenyewe katika nyanda za juu za Bonde la Ufa.

Basi na ijengwe nyingine. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilikwisha kuunda taasisi za kusimamia na kukuza vipawa. Kinachotakiwa hakihitaji mabilioni: ratiba ya mbio za vijana itangazwe mwaka mzima kabla, barabara moja ya Nairobi ifungwe kwa magari asubuhi ya Jumapili, kila kaunti iwe na baiskeli chache za kuazima na fundi wa kuzitunza, na vikosi vyetu viajiri waendesha baiskeli kama vinavyoajiri wakimbiaji. Wakufunzi kama Kinjah walipwe kwa kazi ambayo wamekuwa wakiifanya kwa niaba ya taifa.

Mtu mmoja, hata awe na moyo mkubwa kiasi gani, hawezi kuwa wizara. Tukiendelea kuliachia ua la mtu mmoja kazi ya nchi nzima, tusilalamike bingwa wetu ajaye atakapopanda jukwaani amevaa bendera ya wengine. Na yule wa Mashimoni asiyekuwa na pa kwenda ataendelea kusambaza mikate, nasi hatutajua kamwe tulichokikosa.