Mzazi Masii, watoto mjini: Mshahara mmoja wagawanywa nyumba mbili

KILA mwaka mvua za vuli zinapokaribia, simu huanza kupigwa kutoka Masii hadi Athi River na Nairobi. Mzazi aliyebaki shambani anahitaji mbegu pamoja na pesa za kulimiwa kwa plau ya ng'ombe.

Ombi hilo si la anasa. Katika sehemu hii kame ya Machakos, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo hutegemewa zaidi. Asiyepanda mahindi, kunde na mbaazi wakati huo atanunua chakula miezi mingi ijayo, na atakayelipia ni yule yule mwana aliye mjini.

Tatizo ni kwamba mshahara wa mwana huyo umekwisha kugawanywa kabla ya simu kulia.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kiwandani anayelipwa Sh30,000 kwa mwezi. Bima ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75, yaani Sh825. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 huchukua Sh450, nayo NSSF hukata asilimia sita, ambayo ni Sh1,800.

Jumla ni Sh3,075, kabla ya kodi ya mapato, kodi ya nyumba, nauli na karo.

Ni kweli kuwa fedha za NSSF ni akiba yake mwenyewe, na huenda siku moja zikamwepusha kuwategemea wanawe. Hata hivyo, akiba hiyo ya uzeeni haiwezi kumnunulia mama yake unga leo.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 57, inasema kuwa wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Wajibu huo ni wa pande mbili. Swali ni iwapo pande zote mbili zinabeba sehemu yake.

Kupitia mpango wa Inua Jamii, serikali ilianza mwaka wa 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi. Huo ulikuwa ufanisi mkubwa, kwani mkongwe aliyelima maisha yake yote bila pensheni alipata kitu chake mwenyewe.

Lakini malipo hayo yamecheleweshwa mara kwa mara. Isitoshe, mfumko wa bei ulifika asilimia 9.6 Oktoba 2022, wakati ukame wa misimu mitano mfululizo ulipokuwa ukiiandama nchi. Sh2,000 za mwaka wa 2018 hazinunui leo kilichonunuliwa wakati huo.

Kuna pengo jingine ambalo familia nyingi hulitambua mzazi anapolazwa. Mchango wa bima anaokatwa mfanyakazi humlinda yeye, mwenziwe wa ndoa na watoto wao. Mzazi sharti ajisajili na kulipiwa kivyake, kuanzia Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka.

Familia inayoahirisha malipo haya ili kununua chakula haifanyi upumbavu. Inachagua njaa ya leo dhidi ya ugonjwa wa kesho. Lakini bili moja ya hospitali yaweza kumlazimu mwana kuuza ng'ombe wale wale wa kukokota plau.

Aidha, si gharama zote zinazoonekana kwenye ujumbe wa M-Pesa. Katika boma nyingi yupo binti au mke wa mwana ambaye huteka maji, hupika na kumsindikiza mzee hospitalini. Nduguze mjini wakihesabu nani ametuma nini, jasho lake halihesabiwi. Hapo ndipo chuki za ndugu huanzia.

Ugomvi huingia pia katika ndoa. Anayetuma pesa kwa siri humfanya mwenziwe aamini kuwa karo imepotea kwa ulevi. Anayezitaja waziwazi mwanzoni mwa mwezi, kama anavyotaja kodi ya nyumba, huwa na nafasi ya kukubaliana kuhusu kiasi.

Jamii ya Wakamba ina funzo lake hapa. Kupitia mwethya, majirani walijengeana matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kila mmoja akitoa nguvu zake kwa zamu. Ndugu wanne waweza kufanya vivyo hivyo: mmoja alipie bima, wa pili kilimo cha Oktoba, wa tatu chakula, naye anayeishi na mzazi ahesabiwe kuwa amelipa kwa mikono yake.

Mpango huo hautaongeza mshahara wa mtu yeyote. Wala hauiondolei serikali jukumu la kulipa wazee kwa wakati na kuangalia upya kiasi wanachopewa. Mama wa Masii akipata Sh2,000 zake mwezi uleule alioahidiwa, huenda Oktoba ijayo akampigia mwanawe simu kumjulia hali tu.